Waksi ni nta, tuiite nta

Wiki iliyopita pale Makoroboi, katikati ya jiji la Mwanza, mama mmoja alinikunjulia kitenge mezani akasema, "Hii waksi orijino, dada, shika mwenyewe." Nikashika. Nikamuuliza waksi ndiyo nini. Akasema ni kitenge kizito kisichochuja rangi.

Simlaumu, sote tunalielewa hivyo. Mimi mwenyewe mwaka juzi nilinunua yadi 6 za "waksi" kwenye duka moja mjini, nikalipa bei ya waksi, na siku ya kwanza kufua maji yote ya beseni yakawa ya bluu. Iliniuma sana. Tangu hapo nimejifunza kukigeuza kitambaa kabla ya kutoa hela. Waksi ya kweli haina ndani wala nje, rangi imekolea sawa pande zote mbili. Na ukiisogeza karibu na macho utaona michirizi myembamba, kama nyufa za udongo uliokauka.

Nyufa hizo ni alama ya nta, maana waksi ni "wax" ya Kiingereza, yaani nta. Ufundi wenyewe ulitoka Java, kisiwa cha Indonesia: unachora kwa nta iliyoyeyuka, unachovya kitambaa kwenye rangi, na palipopakwa nta rangi haipiti, ila pale nta ilipopasuka. Waholanzi wakauingiza kwenye mashine karne ya 19, na soko kubwa wakalipata Afrika Magharibi. Kiwanda cha Vlisco kule Helmond, Uholanzi, kilichoanza mwaka 1846, mpaka leo kinatengeneza. Viwandani hutumia utomvu wa miti badala ya nta ya nyuki, lakini kazi ni ileile: kuzuia rangi, kisha kuoshwa yote. Unachovaa wewe ni pale nta ilipokuwa.

Sasa hilo mtoto wa Nyamagana hapa Mwanza atalijuaje, ikiwa dukani anaambiwa waksi na darasani anaambiwa nta, na hakuna anayemwambia ni kitu kimoja? Kinachonisikitisha ni hicho. Neno tunalo, tena zuri. Waumini wanalisikia kwenye Zaburi ya 22, moyo unayeyuka kama nta. Lakini saluni wanakung'oa vinyweleo kwa waksi, wanaoosha magari wanapaka waksi, wenye rasta wanasokota kwa waksi. Hata methali zetu zimependelea asali: fuata nyuki ule asali, mchovya asali hachovyi mara moja. Nta hutajwa kwa nadra, wakati nyuki mfanyakazi anaitoa mwilini mwake, chini ya tumbo, na bila nta hakuna sega la kuwekea hiyo asali.

Sikioni tu ndiko neno limebaki, na huko tunalichukia. Nta ya sikio si uchafu jamani. Inanasa vumbi na wadudu, kisha inatoka yenyewe taratibu. Mtoto wa dada yangu alichokonolewa kwa njiti ya kiberiti mpaka nta ikasukumwa ndani, akawa hasikii upande mmoja, ikabidi daktari aitoe. Acheni njiti.

Niliporudi kutoka Makoroboi nilipita kwa fundi viatu, mzee mmoja anayekaa chini ya mwembe. Mkononi alikuwa na donge jeusi, dogo kama ndimu, limechimbika mifereji kila upande kwa sababu ya kupitishiwa uzi miaka na miaka.

"Shikamoo mzee. Hilo donge unaliitaje?"

"Marahaba. Hii nta, mwanangu. Nta ya nyuki. Uzi ukipita hapa hauozi kwa maji."

Akavuta uzi tena kwenye donge, ukalia, akaendelea kushona.