Malkia Olga na Injili iliyomwaga damu Athens

Bibi harusi aliyewasili Ugiriki mwaka 1867 alikuwa na umri wa miaka 16, na ndani ya mizigo yake mlikuwa na midoli. Olga Konstantinovna alitoka ukoo wa makaisari wa Urusi; mumewe, Mfalme George wa Kwanza, alikuwa Mdenmaki. Wagiriki walimpokea kwa shangwe kwa sababu alikuwa Mwothodoksi mwenzao, wakati mfalme mwenyewe alibaki Mlutheri. Ajabu ni kwamba dini hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumponza.

Mwaka 1897 Ugiriki ilipigana na Waturuki ikashindwa. Olga alikuwa akizunguka wodini kwa majeruhi, akabaini kwamba Injili wanayosomewa hawaielewi. Kilikuwa Kigiriki cha karibu miaka 1,800 nyuma, na mtoto wa mkulima aliyelala pale na bandeji aliambulia neno mojamoja. Malkia akamwagiza katibu wake, Ioulia Somaki, aitafsiri kwa lugha nyepesi. Sinodi Takatifu, baraza la maaskofu wanaoongoza Kanisa la Ugiriki, ikakataa. Akaichapisha hivyohivyo mapema mwaka 1901, nakala 1,000.

Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaomwona mama mwenye huruma, na kweli mgonjwa anayetaka faraja hana haja ya somo la sarufi. Lakini hofu ya wapinzani wake nayo haikuwa upuuzi. Kwao lugha ya kale ilikuwa hati ya kuzaliwa ya taifa, na wakati huo walikuwa wakigombea Masedonia na Waslavi. Sasa Mrusi, tena malkia, anaigusa Injili! Naye hakuficha mapenzi yake kwa kwao: pale bandarini Piraeus alianzisha hospitali ya mabaharia wa Kirusi. Ukifanya hivyo ugenini, watu watahesabu nyendo zako, hata kama hospitali ya Evangelismos ya Wagiriki wenyewe nayo ina mkono wako.

Kwa haki, kilicholipua Athens hasa ni tafsiri nyingine, ya Alexandros Pallis, iliyoanza kutoka gazetini Septemba mwaka huo kwa lugha ya mtaani kabisa. Novemba wanafunzi wakaingia barabarani na watu 8 wakauawa. Askofu mkuu akajiuzulu, serikali ya waziri mkuu Theotokis ikaanguka. Mimi simlaumu Olga kwa wazo lake. Namlaumu kwa kuipuuza Sinodi, maana mgeni akivunja mlango, hata aliyeleta dawa huitwa mwizi. Katiba ya 1911 ikapiga marufuku kutafsiri Maandiko bila idhini ya Kanisa Kuu la Kiothodoksi la Konstantinopoli.

Halafu mwaka 1920 mjukuu wake, Mfalme Alexander, akafa kwa kuumwa na nyani. Nchi haikuwa na mtu kitini. Wagiriki wakamkabidhi dola yuleyule Mrusi, sasa mjane aliyenusurika mapinduzi ya kwao, akaishika kwa takriban mwezi mmoja hadi Desemba, mwanawe Constantine aliporudi kutoka uhamishoni.