Manu alichomwa, Manu yuko mahakamani

Kwenye viwanja vya Mahakama Kuu ya Rajasthan, mjini Jaipur, imesimama sanamu ya Manu, ambaye mapokeo ya Kihindu humtaja kuwa mtoa sheria wa kwanza. Iliwekwa mwaka 1989. Mwaka huohuo majaji wenyewe waliamua iondolewe, pingamizi likafunguliwa, na kesi ikalala miaka na miaka. Oktoba 2018 wanawake wawili waliipanda wakaipaka rangi nyeusi. Wakakamatwa wao, sanamu ikabaki. Hii ni nchi ambayo kifungu cha 17 cha katiba yake kinapiga marufuku kumtenga mtu kwa kumhesabu najisi tangu kuzaliwa. Na kitabu kinachobeba jina la huyo mzee wa Jaipur, Manusmriti, ndicho kilichowapanga watu ngazi kwa ngazi na kuagiza mwanamke awe chini ya baba, kisha mume, kisha mwana.

Anayeitazama India kwa mbali huhitimisha haraka kwamba misahafu ndiyo inayoitawala. Wapo wenye hoja hiyo ndani ya India yenyewe, na hawaisemi kwa kubahatisha. Mkubwa wao ni B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa hao waliohesabiwa najisi na akaja kuongoza uandishi wa katiba. Alipokuwa mwanafunzi huko Satara, alikaa darasani juu ya gunia alilobeba kutoka nyumbani na kurudi nalo jioni, kwa sababu hata mfagiaji wa shule hakukubali kuligusa. Akiwa na kiu, alimsubiri mhudumu amfungulie maji. Mhudumu asipokuwepo, mtoto alishinda na kiu yake.

Tarehe 25 Desemba 1927, huko Mahad, Ambedkar na wenzake waliichoma moto Manusmriti hadharani. Azimio la kuichoma lilitolewa na Sahasrabuddhe, ambaye alikuwa Brahmin, mtu wa tabaka la juu kabisa. Mwaka 1936 wanamageuzi wa Lahore walimwalika Ambedkar ahutubie mkutano wao wa kupinga matabaka, wakaisoma hotuba kabla, wakaingiwa na hofu, na mkutano ukafa. Akaichapisha mwenyewe. Kiini chake kilikuwa hiki: Mhindu hamtengi jirani yake kwa sababu ana roho mbaya. Anamtenga kwa sababu ni mcha Mungu, na vitabu vyake vimemwambia ndiyo ucha Mungu wenyewe. Kwa hiyo usihangaike kumkaripia, uondoe kwanza utukufu wa vitabu hivyo.

Gandhi alimjibu kwamba matabaka ni mila tu, hayana uhusiano na dini, na kwamba andiko lisilokubaliana na akili na utu haliwezi kuwa neno la Mungu. Dini, alisema, isipimwe kwa wafuasi wake wabovu.

Upande wa Gandhi una uzito kuliko wakosoaji wake wanavyokubali. Mkulima wa Bihar hakuisoma Manusmriti. Ilikuwa kwa Kisanskriti, mikononi mwa wasomi waliobishana juu yake, na kila eneo lilikuwa na desturi zake. Aliyeipandisha cheo ni Mwingereza: mwaka 1772 Warren Hastings, gavana wa Kiingereza huko Bengal, aliagiza kwamba Wahindu wahukumiwe kwa vitabu vyao katika mambo ya ndoa na mirathi, na mwaka 1794 ikatoka tafsiri ya Kiingereza ya William Jones. Hakimu wa kigeni akawa na kitabu mezani. Kilichokuwa kimoja kati ya vingi kikageuka sheria ya Wahindu. Ukoloni wa namna hii tunaufahamu Afrika pia, ambako afisa wa wilaya aliwaita wazee wawili watatu, akaandika walichosema, na kesho yake ikawa ndiyo mila ya kabila zima.

Lakini mimi naona jibu la Gandhi linakwepa. Tazama kilichompata Vidyasagar, mwanamageuzi wa Bengal. Alitaka wajane, wengine wakiwa bado watoto wadogo, waruhusiwe kuolewa tena. Mateso yao kila mtu aliyaona: chakula cha kupimiwa, nguo nyeupe maisha yote. Hayakutosha. Ilimbidi achimbue vitabu mpaka akapata aya ya Parashara, mtoa sheria mwingine wa kale, inayomruhusu mwanamke kuolewa tena mumewe akifa au akipotea, ndipo akasikilizwa, na sheria ikapita mwaka 1856. Watetezi wa dini hupenda kumtaja kama ushahidi kwamba misahafu inaleta mageuzi. Ni kweli ilileta. Ila jamii ambayo machozi ya mtoto mjane hayana maana mpaka ipatikane aya, hiyo ndiyo jamii aliyoielezea Ambedkar. Na hata baada ya aya na sheria, wajane walioolewa walikuwa wachache.

Ambedkar naye kuna kitu alikipa uzito mdogo, nacho ni hadithi. Sheria za Manu ziliweza kuchomwa. Ramayana, utenzi wa kale wa mfalme Rama ambaye Wahindu humwabudu, utaichomaje? Kuanzia Januari 1987 televisheni ya taifa, Doordarshan, ilirusha tamthilia yake kila Jumapili asubuhi. Watu walioga kwanza, wakavua viatu, wakaivisha runinga shada la maua. Mwaka 1988 ilipokaribia mwisho, wafagiaji wa miji kadhaa ya kaskazini waligoma. Hawakudai mshahara. Wengi wao ni wa jamii inayojiita Valmiki, kwa jina la mshairi wa Ramayana wanayemhesabu kuwa babu yao, na walidai tamthilia isikatwe kabla ya sehemu ambayo Sita, aliyefukuzwa na mumewe Rama, anahifadhiwa na huyo Valmiki. Taka zikalundikana, serikali ikasalimu amri, vipindi vikaongezwa.

Watu waliokuwa wakisombeshwa vinyesi vya wenzao walipigania nafasi yao ndani ya andiko. Na sehemu hiyohiyo ya mwisho ndiyo yenye kisa cha Shambuka, Mshudra, yaani mtu wa tabaka la chini kati ya yale manne, anayekatwa kichwa na Rama kwa kosa la kufanya ibada ngumu isiyo ya tabaka lake. Anayesema misahafu inawakandamiza wanyonge atapata aya. Anayesema inawapa heshima atawapata wafagiaji. Siwezi kumwambia mmoja wao kwamba anaota.

Wanasiasa waliliona hilo mapema. Mwaka 1991 mwigizaji aliyekuwa Sita alichaguliwa mbunge kupitia BJP, chama cha wazalendo wa Kihindu, na aliyekuwa Ravana, yule aliyemteka, akaingia bungeni kwa chama hichohicho. (Tofauti za kifamilia zilimalizwa, inaonekana.) Desemba 1992 umati ukaubomoa msikiti wa Babri huko Ayodhya kwa madai kwamba Rama alizaliwa pale, na ghasia zilizofuata ziliua watu wapatao 2,000, wengi wao Waislamu. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikawapa Wahindu kiwanja, na Januari 2024 Waziri Mkuu Narendra Modi wa BJP akalizindua hapo hekalu la Rama. Miezi michache baadaye jimbo lenye Ayodhya yenyewe, Faizabad, likamwangusha mgombea wa BJP na kumchagua Awadhesh Prasad, ambaye ni Mdalit, yaani wa jamii zilizotengwa kama najisi. Wapiga kura walewale wanaomsujudia Rama walipiga hesabu ya ardhi zao zilizochukuliwa kupanua barabara za mahujaji, na ya matabaka yao.

Mahali ambapo andiko halihitajiki tena ni kwenye ndoa. Sheria ya mwaka 1955 haimzuii Mhindu kuoa nje ya tabaka lake. Mhandisi wa Bengaluru hajawahi kuishika Manusmriti, na akiulizwa ataikana. Hata hivyo matangazo ya kutafuta wachumba kwenye magazeti ya Jumapili bado hupangwa kwa matabaka, na utafiti mkubwa wa kaya wa 2011–12 ulikuta ndoa zinazovuka matabaka ni kama 5% tu. Hapa kitabu kimeshahamia kwa mama mkwe.

Ndiyo maana vita vya Manusmriti naviona vimebaki vya alama zaidi. Mwaka 2024 kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Delhi kilipendekeza ifundishwe, zikapigwa kelele, na mkuu wa chuo akakataa. Mimi naitazama zaidi Gita, kitabu kitakatifu chenye mafundisho ya mungu Krishna, ambayo haina maadui wengi. Gujarat ilitangaza mwaka 2022 kwamba itafundishwa shuleni kuanzia darasa la 6 hadi la 12. Aya zake za kutenda wajibu bila kudai malipo hazina tatizo. Lakini katika sura ya 4, aya ya 13, Krishna anasema ni yeye aliyeumba matabaka manne, kwa kufuata sifa na matendo. Wafafanuzi wa kisasa husema hapo hakuna kuzaliwa. Wengi wa zamani hawakusoma hivyo. Serikali ya Gujarat iseme waziwazi mwalimu afundishe tafsiri ipi, tena iandike kwenye kitabu cha mwanafunzi, maana darasani humo wamo watoto wa Valmiki.