Nirudishieni mistari yangu ya rangi

Hivi TV za siku hizi zinafunguliwa saa ngapi? Nilimuuliza dogo wangu juzi akaniangalia kama nimemuuliza bahari inafunga saa ngapi. Kwake yeye TV ipo tu, ukiwasha inaongea. Ningesema kama bomba la maji ila bomba la mtaani kwetu lenyewe lina ratiba.

Sisi TV ilikuwa inafunguliwa, tena kama duka. Mtaa mzima ilikuwa moja, Great Wall ya nyeusi na nyeupe, chogo limetokeza nyuma hadi linagusa ukuta, na mwenye nyumba kaibandikia kwa mbele ile plastiki ya rangi, juu bluu, katikati chungwa, chini kijani, ili iwe "TV ya rangi". Msomaji wa habari kichwa bluu, tai ya chungwa, mikono kijani, na hakuna aliyebisha maana utabishaje na umekaa chini kwenye sakafu ya mtu, miguu umelazimishwa kunawa ndo ukaruhusiwa kuingia.

Tulikuwa tunawahi. Kituo hakijafungua, sisi tushajipanga, tunaangalia ile mistari iliyosimama na ule mlio wake piiiiiiii. Nusu saa nzima watoto ishirini tunaangalia mistari! Na tunagombana, huyu anasema mwekundu ni wa tatu, yule anasema wa pili, wakati kwenye nyeusi na nyeupe yote ni majivu tu, kila mmoja jivu lake. Ukubwani ndo nikaja kujua imepangwa kwa mwanga, unaanza mweupe, njano, samawati, kijani, zambarau, nyekundu, unamalizia bluu, kwa hiyo kwenye TV kama ile yetu inashuka kama ngazi kutoka nyeupe kwenda giza, fundi akiziona anajua picha imekaa sawa au la. Mwekundu ni wa sita. Kuna jamaa nilipigana naye kwa ajili ya huo mstari na wote tulikuwa tumekosea.

Halafu ghafla piii inakata. Kimya. Hapo hata aliyekuwa analia ananyamaza. Mara muziki huo wa vinanda, herufi zinatoka mbali huko zinazunguka zinang'aa kama zimepakwa mafuta ya kupikia, zinakuja taratiiibu, zinasimama katikati ya kioo, chwaa! Dada mmoja anatokea na ua la plastiki pembeni, "mpenzi mtazamaji", na sisi tunaitikia, asee, tunamwitikia kabisa karibu dada.

Sasa niseme ukweli wangu, nembo nyingi za utotoni mi nimezisikia, sijaziona. Ndo nilikuwa mzungusha antena. Kumbuka Zanzibar walikuwa na TV ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, huku bara tukasubiri mpaka 1994 ndo ITV na DTV wanaanza, kwa hiyo mwenye nyumba alishakuwa na tabia ya kuvua TVZ ng'ambo ya bahari kwa mlingoti wa antena mrefu kuliko mnazi, na tabia hakuiacha. Upepo ukivuma kidogo chenga zinajaa, natumwa nje. Bado! Bado! Ongeza! Hapo hapo, usiachie! Nikiachia inapotea, basi nimeshika mlingoti kama bendera, ndani muziki wa kituo unalia, watu wanashangilia, mi nauangalia ukuta. Mpaka leo nikisikia vile vinanda mkono wa kulia unauma.

Na kufunga je. Usiku Wimbo wa Taifa unapigwa, mwenye nyumba anatusimamisha wote, mwingine mguu umekufa ganzi anasimama kwa mmoja kama korongo. Ukiisha tu chenga, shhhhhh, na mwenye nyumba anageuka, "haya, kwenu."

Sasa niambieni leo. Nawasha TV, inatokea nembo ya kampuni ya TV. Inapotea. Inatokea nembo ya king'amuzi, chini kuna asilimia, 20, 45, inakaa 99 mpaka chai inapoa. Halafu ndo naambiwa kifurushi kimeisha. Nikilipia, picha yenyewe haina pa kukaa, kona hii nembo ya kituo, kona ile nembo ya mdhamini, chini maandishi yanakimbia, juu ya hayo maandishi tangazo la mkopo, msomaji wa habari kabaki kidevu na nyusi. Na nembo wanabadilisha kila ukigeuka. Herufi ileile, wameilaza kidogo, wanaiita eti muonekano mpya.

Wamarekani walishaaibika na hayo mambo zamani. Kituo chao cha TV cha NBC kilikuwa na nembo ya tausi mzuri tu, Januari 1976 wakaja na herufi N mpya, imewala mamia ya maelfu ya dola. Kumbe kuna kituo cha elimu huko Nebraska wana N hiyohiyo karibu kila kitu, na yao haikufika hata dola 100! Nebraska wakashtaki, NBC wakaishia kuwapa vifaa vya mamia ya maelfu ya dola pamoja na gari la kurushia matangazo ili wawaachie N. Na baadaye tausi akarudi. Si mngemwacha tu.

TV yangu mimi ilikufa 31 Desemba 2012, siku Dar wanazima analojia. Watu nje wanahesabu tano, nne, tatu, mi ndani naangalia chogo langu linaingia chenga. Happy New Year.

Sasa jumapili iliyopita nikapata YouTube mtu kaweka ile mistari, masaa kumi mazima! Nikairusha kwenye TV kubwa, nikavumilia matangazo mawili ya sabuni, mara hiyo hapo, piiiiii, na rangi zote, mwekundu wa sita kweli. Nimekunja miguu nimetulia zangu. Mke wangu akatoka jikoni, akaangalia TV, akaniangalia mimi, akarudi jikoni hajasema kitu. Nikajua kanielewa.

Kumbe kampigia fundi.

Jamaa kaja na begi lake na bisibisi mdomoni, kafika mlangoni kasimama. "Duh, mzee, hii si ile ya kabla hawajafungua?" Nikamwambia kaa. Akakaa chini kwenye zulia, viti vipo. Tukakaa kama dakika ishirini hatuongei, mlio tu.

Mke wangu akaja kuuliza imepona?

"Mama, hii TV ni nzima kabisa," fundi akasema, macho hayajatoka kwenye kioo, "ila elfu kumi ya kuja kuangalia iko palepale."