Ruta mbili zenye RAM ya kutosha, siyo nne za bei chee

Kuna ushauri mmoja ambao kila anayejiandaa na CCNA, mtihani wa cheti cha mitandao wa Cisco, ameshapewa: nunua ruta tatu au nne za mtumba, aina yoyote, pamoja na kebo za serial, uanze kazi. Hilo neno "aina yoyote" linaniudhi sana. Anayeanza hawezi kujua kwamba Cisco 2621 na 1841 zinatofautiana kama usiku na mchana. Ananunua, anafunga, anaandika "ipv6 unicast-routing", ruta inamrudishia "% Invalid input detected". Anafuta, anaandika tena. Mwisho anaamini kwamba kichwa chake ndicho kizito, kumbe IOS iliyomo ndani, yaani programu ya Cisco inayoiendesha ruta, haina IPv6 (anwani za mtandao za kizazi kipya) hata chembe.

Ninachosema ni hiki: hela ya kwanza iende kwenye RAM, flashi (hifadhi ya faili la IOS) na IOS inayofaa. Idadi ya ruta ifuate baadaye. Kadi za serial zisipewe hata senti.

Nianze na hizo kadi, maana ndizo zinazokula bajeti. WIC-1T, WIC-2T na kebo zake za DCE na DTE (ncha mbili za kiungo cha serial) bado zinauzwa kwa mafungu kama vifaa vya lazima vya CCNA. Frame Relay, teknolojia ya zamani iliyotumia kadi hizo, ilitolewa kwenye mtihani mwaka 2016. Mtihani wa 200-301, ulioanza Februari 2020, hautaji PPP ya viungo vya serial, wala EIGRP, wala RIP (itifaki za kuchagua njia) katika mada zake. Kati ya itifaki za njia inabaki OSPFv2 ya eneo moja, na hiyo inapita kwenye kebo ya kawaida ya Ethernet. Ukitaka kuona tabia ya kiungo cha ruta mbili tu, kisicho na DR wala BDR (ruta kiongozi na msaidizi wake), weka "ip ospf network point-to-point" kwenye poti za pande zote mbili. Kama poti ni chache, chomeka poti moja ya kila ruta kwenye swichi kwa njia ya trunk (kebo moja inayobeba mitandao pepe mingi, yaani VLAN), kisha gawanya poti hiyo kwa sub-interface za dot1Q, moja kwa kila VLAN. VLAN 12 inakuwa kiungo cha ruta 1 na 2, VLAN 23 cha ruta 2 na 3, VLAN 13 cha ruta 1 na 3. Umepata pembetatu kamili bila kununua kadi yoyote, na umefanya mazoezi ya VLAN njiani.

Sasa kumbukumbu. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akutumie matokeo ya "show version" na "show flash:". Asiyeweza kuyatoa, mwache na ruta yake. Kwenye "show version" tafuta mstari unaofanana na huu: "with 236544K/25600K bytes of memory". Namba hizo mbili zinajumlishwa, kwa sababu IOS imeigawa RAM ile ile, sehemu moja ya kazi zake na nyingine ya pakiti zinazoingia na kutoka. Jumla ni 262144K, ukigawa kwa 1024 unapata MB 256. Wengi husoma namba ya kwanza peke yake wakadhani wamepunjwa.

1841 inapanda hadi MB 384 za RAM na flashi ya MB 128. 2811 inafika MB 768 na flashi ya MB 256. Zote mbili zinaishia IOS 15.1(4)M, na hiyo inatosha. 2621 ya zamani, ile isiyo na XM kwenye jina, inaishia MB 64 za RAM na MB 16 za flashi, kwa hiyo hakuna cha kuboresha pale. Isiguswe.

Kwa nini RAM ndiyo inayoamua? Angalia jina la faili la IOS, utaona herufi "mz". M maana yake inaendeshwa ndani ya RAM, z maana yake imebanwa. Ruta inapowaka hulifungua faili hilo lote ndani ya RAM, na likishafunguliwa ni kubwa kuliko lilivyoonekana kwenye flashi. RAM ikipungua, ruta inakwama kwenye kufungua na kurudi mwanzo bila kuchoka, au inawaka halafu inatoa "%SYS-2-MALLOCFAIL" mara unapoiongezea kazi. Nunua moduli iliyotajwa wazi kuwa ni ya modeli yako. RAM ya kompyuta inaweza kuingia kwenye nafasi yake vizuri kabisa na ruta isiwake.

Jina la faili linakueleza pia utajifunza nini. "Ipbase" isiyo na k9 (alama ya usimbaji fiche) haina SSH, njia salama ya kuingia kwenye ruta ukiwa mbali, na "crypto key generate rsa" haitakuwepo. "Ipbasek9" inakupa SSH, lakini kwenye 12.4 bado IPv6 hupati. Unachotafuta ni "advipservicesk9" au "adventerprisek9". IOS ni mali ya Cisco na kuipakua kunahitaji mkataba wa huduma, ndiyo maana nasisitiza ununue ruta ambayo tayari ina faili sahihi, hata ikizidi bei kidogo.

Kuhamisha faili kuna mitego yake. TFTP, itifaki ya kutuma faili kupitia mtandao, huhesabu vipande vya baiti 512 kwa namba ya biti 16, kwa hiyo seva ya zamani inakata karibu na MB 32, na faili za 15.1 zinaweza kuvuka hapo. Xmodem, njia ya kutuma faili kupitia poti ya konsoli, kwa kasi ya 9600 hupitisha baiti 960 kwa sekunde: faili la MB 30 litachukua takriban masaa 9. Ukipandisha hadi 115200 inashuka kwenye dakika 45 na ushei. Njia iliyo bora ni kutoa kadi ya CompactFlash, kuiweka kwenye kisoma kadi, kuiformati kwa FAT16 na kunakili moja kwa moja. Ukiirudisha, endesha "verify /md5" kuthibitisha kwamba faili ni zima kabla ya kuwasha upya.

Sawa, Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, ni ya bure na inatosha kufaulu mtihani. Nakubali. Lakini haikuzoeshi kushika ruta yenyewe, kadi zake, RAM yake na kebo zake, na siku ya kazi hilo ndilo litakalokukuta.

SSH nayo itakusumbua: OpenSSH ya leo inakataa algoriti za IOS ya zamani. Tengeneza ufunguo wa biti 2048, kisha kwenye amri ya ssh ongeza "-oKexAlgorithms=+diffie-hellman-group1-sha1 -oHostKeyAlgorithms=+ssh-rsa -oCiphers=+aes128-cbc". Fanya hivyo ndani ya maabara tu.

Ruta ya mtumba huja na nenosiri la mwenyewe wa zamani. Bonyeza Break ndani ya sekunde 60 za kuwasha, andika "confreg 0x2142" ili ruta iruke mipangilio iliyohifadhiwa, kisha "reset". Ukimaliza, rudisha "config-register 0x2102" na uhifadhi. Ukisahau, kila ukizima na kuwasha ruta itaruka mipangilio yako na kuanza tupu. Watu wamezitupa ruta nzima kwa sababu hiyo wakidhani NVRAM (kumbukumbu inayohifadhi mipangilio) imekufa, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye mstari wa mwisho wa "show version".