Nirudishieni Pepa Yangu

Wiki iliyopita nilirudishiwa pepa yangu. Nimepata 71. Nyumbani Tanzania 71 ni A, unampigia mama simu. Hapa Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, ninakosoma kwa muhula mmoja, 71 ni C, na dada aliyekaa kiti cha pembeni aliiona ile namba, akageuza macho haraka ili asinitie aibu. Mimi niliikunja karatasi vizuri, nikaitia ndani ya koti, nikaenda kukaa kando ya Ziwa Mendota ambako barafu ndiyo kwanza inaachia kingo, nikaisoma mara nne.

Niliisoma kwa sababu ilikuwa imeandikwa. Kila ukurasa mwalimu amepita na penseli. Hapa kapigia mstari, pale kauliza swali, mahali pengine kaandika tu "Umejuaje?" Hilo "Umejuaje?" limetokea mara tatu. Insha ilihusu vijiji vya ujamaa, mada ambayo nilidhani naijua usingizini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere anatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ifikapo mwisho wa 1976 kila mkulima awe kijijini. Nikaeleza sababu, nikaeleza faida, nikaeleza changamoto, kama tulivyozoea, na hitimisho juu. Mwishoni mwalimu kaandika aya nzima kunijibu. Kaniambia mpangilio wangu ni mzuri kuliko wa wengi darasani, lakini katika kurasa sita hakumsikia mtu hata mmoja aliyehamishwa. Akauliza: je, unamfahamu yeyote?

Niko mwaka wa tatu. Nimefanya mitihani ya mwisho wa muhula zaidi ya ishirini katika chuo changu nyumbani, na sijawahi kuuona hata mmoja tena tangu msimamizi apite kukusanya. Hata mmoja. Mnajua ninachosema. Unapiga msuli wiki tatu, unaingia ukumbini na kitambulisho na kalamu mbili, unamwaga nondo mpaka mkono unakufa ganzi, unatoka. Baada ya hapo ni kusubiri herufi. Ikija A unamshukuru Mungu, ikija D unajiandaa na sapu, yaani mtihani wa marudio. Iwe A au D, hujui kwa nini.

Mwaka wa pili nilipata D kwenye somo nililolisoma kuliko yote. Swali la tatu nililijibu kwa furaha, nakumbuka niliomba karatasi ya nyongeza. Nikakata rufaa. Ada ya rufaa niliitoa kwenye bumu, ile pesa ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, na nyote mnajua shilingi 10,000 za siku zinavyokuwa zimeshagawanywa kabla hazijaingia. Jibu lilikuja likiwa mstari mmoja: hakuna mabadiliko. Sikuonyeshwa nilipokosea wala kuambiwa nani kahakiki. Nikafanya sapu, nikapata C, kwa sababu sapu hata ukiandika kitabu ni C tu. Ile pepa ya kwanza iko stoo fulani mpaka leo, kama haijachomwa.

Nilipoyaandika haya kwenye grupu la darasa letu, jibu la kwanza lilikuwa, "Miezi mitatu tu, umeshakuwa Mmarekani." La pili lilikuwa picha ya mtu amevaa miwani ya jua. Ndugu zangu, mimi narudi Mei. Viza yangu ni ya J-1, ya wageni wa kubadilishana, muhula mmoja, na tiketi ya kurudi ninayo. Sijaja kuhamia wala sijasahau nilikotoka. Nauli ya kwenda Dar kupigwa picha za hati ya kusafiria alinilipia kaka yangu kwa kuuza mbuzi wawili, kwa hiyo nani aliyenifikisha hapa nakumbuka vizuri sana. Ninachosema ni kwamba nimeshika karatasi yangu mwenyewe mkononi, nikiwa na miaka 23, kwa mara ya kwanza tangu nitoke sekondari. Kama hilo ni majivuno, basi kila mtoto wa darasa la tatu anayerudi nyumbani na daftari lenye vema na kosa anajivuna.

Wala sisemi hapa ni peponi. Vijana ninaoishi nao wanasoma kwa mikopo ambayo ukiitajiwa unakaa chini, na mmoja anafanya kazi usiku mgahawani, kisha anasinzia darasani. Baridi ya Januari hapa watu wanatembea juu ya ziwa, na mimi nilikaa siku mbili ndani nikila mikate. Zaidi ya hayo, hapa watu wanasoma peke yao. Kila mtu na kompyuta yake, na spika masikioni. Nyumbani tunakaa watu wanane chini ya mwembe na desa moja la notisi lililokunjika, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anabisha, wa tatu anachora mchoro mchangani, na aliyeelewa hainuki mpaka wote waelewe. Nimemweleza mwalimu wangu kuhusu diskasheni zetu akaniambia angependa aone. Niliona fahari, nasema kweli. Pale chini ya mwembe kuna vichwa ambavyo vingeshangaza ukumbi wowote wa Wisconsin.

Ndiyo maana nakasirika. Vichwa vile hakuna aliyewahi kuviambia vimekosea wapi. Rafiki yangu mmoja ana mawazo makali kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini kila insha yake anaanza kujibu swali ukurasa wa tatu. Ni kosa dogo. Mtu mwenye penseli angeliandika mara moja, mwaka wa kwanza, na lingeisha. Amelibeba mpaka mwaka wa tatu na anajiita "mtu wa C".

Kuna atakayesema wenzetu wana pesa. Kweli wanazo. Darasa langu hapa lina watu 40, na kuna msaidizi wa mwalimu anayesahihisha nusu. Nyumbani somo lile lilikuwa na watu zaidi ya 600, wengine madirishani, na mhadhiri mmoja aliyekuwa anafundisha masomo mengine mawili. Siwezi kumwambia mtu yule aandike aya kwa kila mmoja wetu, na namheshimu kwa kumaliza tu kusahihisha. Lakini mimi sijaomba aya. Naomba kuiona. Karatasi imeshasahihishwa, alama zimeshaandikwa pembeni, boksi limeshafungwa na kuwekwa stoo. Kufungua boksi siku mbili, chini ya msimamizi, kila mtu akae na pepa yake nusu saa na kuirudisha, kunahitaji mkopo wa Benki ya Dunia?

Mwingine atasema ndio utaratibu wa vyuo, mtahini wa nje, anayekuja kuhakiki usahihishaji, lazima aikute pepa. Sawa, na utaratibu huo tujiulize ulikotoka. Elimu ya chuo kikuu kwetu ilianza 1961 na darasa dogo la sheria kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mitihani ilitakiwa ilingane na ya London, kwa hiyo pepa zilikuwa mali ya watahini, wala si ya aliyeziandika. Chuo chetu wenyewe tulikipata 1970. Tumebadilisha mitaala, tumebadilisha majina ya vitivo, tumefungua vyuo vingine vingi, lakini ile boksi hatujaifungua. Nimekaa na Mkenya mmoja hapa, anasema kwao kilio ni alama zenyewe kupotea: mtu amefanya mtihani, siku ya kuhitimu anaambiwa hana alama. Tukatazamana tu. Dawa ya ugonjwa wake na wangu ni moja, karatasi imrudie mwenyewe.

Mwanzoni nilidhani kurudishiwa pepa ni hisani ya mwalimu mwema. Nikaulizia, kumbe hapa Marekani kuna sheria ya tangu mwaka 1974 inayompa mwanafunzi haki ya kukagua kumbukumbu zake ambazo chuo kinazitunza, na chuo kinatakiwa kimruhusu ndani ya siku 45. Sheria hiyo hiyo inakizuia chuo kumwonyesha mtu mwingine alama zako bila ridhaa yako. Nikakumbuka karatasi za matokeo kwenye ubao wa matangazo, watu tumesukumana, kidole kinashuka kwenye orodha, na nyuma yako mtu anasoma yako kwa sauti. Alama yangu aliiona kila mtu. Majibu yangu nilifichwa mimi.

Halafu kuna hoja ya tatu, ambayo hata mimi niliiamini: wanafunzi wakirudishiwa pepa watagombana na walimu. Nimeyaona hapa. Wiki ya kwanza kijana mmoja alimfuata msaidizi wa mwalimu mbele ya wote akidai alama mbili, na niliinama kwa aibu kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. Sisi tumelelewa kusema shikamoo na kupokea. Kwa hiyo na hiyo 71 yangu nilikaa siku tatu kabla ya kwenda ofisini kwa mwalimu.

Hapa kila mwalimu anatangaza saa ambazo mlango wake uko wazi, na katika saa hizo anakuwepo kweli. Nilibisha hodi nikasimama, mikono nyuma. Akaniambia keti. Anataka tumwite kwa jina lake la kwanza na mimi siwezi, nikamwomba nimwite Mwalimu, akakubali mara moja kwa kuwa historia ya Tanzania anaijua. Nikamwonyesha ukurasa wa nne. Pale alipoandika "Umejuaje?" nilikuwa nimetaja hotuba, ila tarehe niliiweka ukurasa unaofuata. Akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena. Akasema, "Hapa uko sahihi, nilipita haraka." Akaongeza alama tatu kwa mkono wake. Kisha akageuza ukurasa wa tano akanionyesha ambapo sikuwa sahihi, na tulibaki hapo dakika ishirini, na hapo hakunipa kitu. Hatukugombana. Mtu mzima, mwenye vitabu vyake rafuni, ameniambia mimi kwamba alipita haraka. Nilitoka nje nikazunguka jengo zima kwa miguu kabla sijaweza kuingia maktaba.

Usiku huo nilijibu swali lake la mwisho. Ndiyo, namfahamu mtu aliyehamishwa. Ni bibi yangu, mzaa baba, wa Maswa, ambayo siku hizo ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Nimekua naye. Nimechunga ng'ombe wake likizo zote. Nimesoma Operesheni Vijiji sekondari, nikaisoma chuo, nikaifanyia mtihani, na haikunijia hata siku moja kumuuliza.

Nilimpigia saa tano usiku, kwao saa moja asubuhi. Aliuliza kwanza kama nimekula. Nikamwambia nataka kujua mambo ya mwaka 1974. Akanyamaza, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema lori la serikali lilikuja asubuhi, babu akiwa machungani. Aliniambia habari za minyaa aliyoipanda mama mkwe wake kuzunguka boma lote, ilivyokuwa mirefu kuliko mtu, na jinsi walivyoiacha. Waliacha na kaburi la mtoto, ambaye ni shangazi yangu, na mimi sikuwahi kusikia kwamba alikuwepo. Kule walikopelekwa walijenga vibanda vya mabua kwenye mstari kando ya barabara, "nyumba zinatazamana kama watu wanaogombana". Lakini akasema pia kwamba baba yangu alipata shule hapo, na kwamba bila ule mstari wa nyumba nisingekuwa ninampigia kutoka huko niliko. Akaniambia niyaandike yote mawili.

Nayaandika. Insha ya pili inakwisha Aprili na bibi yumo kuanzia ukurasa wa kwanza. Sijui chuo changu kitaihesabuje C ya huku nikirudi, na hilo ni pambano jingine.

Lakini kuna jambo nitalifanya nikifika, na nawaambia mapema wale wa grupu ili mtu asiseme nilijificha. Sisi nasi tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inampa mtu haki ya kuzifikia taarifa zake zilizoko mikononi mwa taasisi. Wanasheria watabishana kama pepa ya mtihani ni taarifa binafsi. Wabishane. Mwandiko ni wangu, namba ya mtihani ni yangu, makosa yaliyomo ni yangu. Nitaandika barua ya ukurasa mmoja, ya heshima, niipeleke mwenyewe kwa mkono na kuomba nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Nitaomba ile pepa ya mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Sitaki alama, sapu nilishaifanya. Nataka kukaa nayo nusu saa nisome swali la tatu, na ile karatasi ya nyongeza niliyoomba. Anayetaka kuandika yake, tuonane chini ya mwembe wiki ya kwanza ya Juni.