Paal Berg: jaji aliyejiuzulu kwa ajili ya sheria, kisha akarudi kuhukumu

Desemba 1940 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Norwe waliacha kazi. Hakuna aliyewafukuza. Josef Terboven, kamishna aliyeletwa na Hitler kuitawala nchi hiyo, alikuwa amewaandikia kwamba mahakama haina mamlaka ya kupima kama amri zake ni halali au la. Waziri wa Sheria aliyewekwa na Wajerumani naye alikuwa ameanza kuteua na kuwaondoa wazee wa baraza apendavyo. Jaji Mkuu Paal Berg, aliyekuwa na umri wa miaka 67, alijibu pamoja na wenzake kwamba Katiba ya 1814 inawapa wajibu wa kupima sheria, na kwamba hata jeshi linaloikalia nchi ya watu linabanwa na Mkataba wa Hague wa 1907 kuhusu sheria za vita. Kama hawaruhusiwi kupima, hawana kazi ya kufanya pale. Wakaondoka.

Miaka mitano baadaye Berg alikuwa amerudi kwenye kiti kilekile, na mahakama aliyoiongoza ikathibitisha hukumu za kifo zilizotegemea amri zilizoandikwa na serikali ya Norwe ikiwa uhamishoni London, nyingine baada ya matendo yenyewe kufanyika. Katiba ileile ya 1814, kifungu cha 97, inasema sheria yoyote isitumike kurudi nyuma. Je, mtu yuleyule aliyesimama na sheria mbele ya Wajerumani aliipindisha mbele ya Wanorwe wenzake? Wapo wanaojibu ndiyo bila kusita, na wapo wanaoona swali lenyewe ni matusi kwa waliokufa. Nadhani pande zote mbili zinalenga mahali pasipo, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza Berg mwenyewe, maana hakuwa malaika wala mwanasiasa wa majukwaani. Alizaliwa Hammerfest, kaskazini kabisa mwa Norwe. Alikuwa bingwa wa sheria za kazi, akawahi kuwa waziri, na mwaka 1929 akateuliwa Jaji Mkuu. Wajerumani walipovamia tarehe 9 Aprili 1940, mfalme na serikali waliikimbia Oslo, na jioni ya siku hiyo Vidkun Quisling, kiongozi wa chama kidogo cha Nasjonal Samling, akajitangaza redioni kuwa mkuu wa serikali. Ilibidi mtu amwondoe. Tarehe 15 Aprili Mahakama ya Juu, chini ya Berg, iliunda Baraza la Utawala la kuendesha shughuli za kiraia katika maeneo yaliyotekwa, na Wajerumani wakakubali Quisling akae pembeni. Bei yake ilikuwa kwamba Berg alimshukuru Quisling hadharani kwa kukubali kuondoka.

Anayetaka kumhukumu Berg huanzia hapo. Alizungumza na adui, akamsifu msaliti. Mimi naona alinunua muda kwa bei ya aibu, na muda ule ulikuwa na thamani, kwa sababu Quisling alibaki bila uhalali wowote kutoka chombo chochote cha Kinorwe. Lakini lazima tukiri jambo moja litakalotufaa mbele: mwaka 1940 mpaka kati ya kushirikiana na adui na kuwalinda wananchi haukuwa umechorwa bado. Kiangazi kile viongozi wa Bunge wenyewe walimwomba Mfalme Haakon VII, aliyekuwa ameshafika Uingereza, aachie kiti. Alikataa. Angekubali, sijui leo tungemwita nani msaliti.

Mwezi Septemba Terboven alivunja Baraza la Utawala na kupiga marufuku vyama vyote isipokuwa Nasjonal Samling. Baada ya majaji kujiuzulu Desemba, upinzani wa kiraia ulipata mfano wa kufuata: maaskofu wakaacha nyadhifa zao 1942, walimu wakagoma kujiunga na chama cha walimu cha kulazimishwa, na mamia yao wakapelekwa kufanya kazi za sulubu Kirkenes, kaskazini ya mbali. Wengine walilipa zaidi. Viggo Hansteen, wakili wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, alipigwa risasi tarehe 10 Septemba 1941 pamoja na Rolf Wickstrøm, mwakilishi wa wafanyakazi kiwandani, baada ya mgomo ulioanza kwa sababu wafanyakazi wa Oslo walinyimwa maziwa kazini. Walihukumiwa na kuuawa siku hiyohiyo. Berg alikuwa kiini cha kundi la siri lililokuja kuwa uongozi wa upinzani ndani ya nchi, na mwisho wa vita ndiye aliyekuwa mwenyekiti wake.

Sifa kubwa ya uongozi ule, kwa maoni yangu, ni ilivyokuwa Mei 1945. Nchini kulikuwa na wanajeshi wa Kijerumani wapatao 350,000 na wapiganaji wa siri kama 40,000 wenye hasira za miaka mitano. Ufaransa ilikuwa imeshaonyesha kinachoweza kutokea: maelfu waliuawa bila kesi. Norwe iliwataka watu wake wawe na heshima, utulivu na nidhamu, na kwa kiasi kikubwa walitii. Washukiwa walikamatwa kwa orodha zilizoandaliwa mapema. Quisling alijisalimisha polisi tarehe 9 Mei, akapewa wakili na kesi ya wazi, akaruhusiwa kuzungumza kwa saa nyingi. Anayeidharau hatua hiyo hajawahi kufikiria mbadala wake.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Serikali iliyokuwa uhamishoni London ilitoa amri kadhaa. Za 1941 na 1942 zilifungua njia ya kutumia adhabu ya kifo kwa wasaliti hata baada ya vita kwisha, katika nchi ambayo haikuwa imemnyonga wala kumkata mtu kichwa wakati wa amani tangu 1876. Amri ya tarehe 15 Desemba 1944 ilikwenda mbali zaidi, na wanasheria wa upinzani ndani ya nchi waliishinikiza na kuchangia kuiandika: kuwa mwanachama wa Nasjonal Samling baada ya uvamizi ni kosa, hata kama hukufanya lingine lolote, na wanachama wote wanabeba kwa pamoja dhima ya hasara iliyoletwa na chama. Watu zaidi ya 90,000 walichunguzwa, katika nchi yenye wakazi wapatao milioni 3. Zaidi ya 40,000 waliadhibiwa, wengi kwa faini na kunyang'anywa haki za kiraia. Wanorwe 25 na Wajerumani 12 walipigwa risasi, Quisling akiwa mmoja wao, tarehe 24 Oktoba 1945.

Wapinzani wa kesi zile wana hoja tatu nzito. Chama kilikuwa halali tangu 1933, na mkulima aliyejiunga 1940 hakuweza kujua kwamba miaka minne baadaye karatasi itaandikwa London kumfanya mhalifu. Pili, jeshi la Norwe lilisalimu amri tarehe 10 Juni 1940. Kama vita vilikwisha siku hiyo, aliyemsaidia Mjerumani 1942 alimsaidiaje adui wakati wa vita? Hoja ya tatu inamgusa Berg moja kwa moja. Waliohukumu walikuwa upande mmoja wa ugomvi. Jaji Mkuu alikuwa mwenyekiti wa upinzani, na kwa mshtakiwa wa Nasjonal Samling hiyo ilikuwa ni kuku kupelekwa mbele ya mwewe.

Majibu ya mahakama hayakuwa ya kubabaisha. Kuhusu vita, ilisema kilichosalimu amri ni kikosi cha kaskazini, si dola; mfalme, serikali, jeshi la majini na meli za biashara ziliendelea kupigana. Kuhusu amri za London, ilitegemea mamlaka ambayo Bunge liliipa serikali kule Elverum tarehe 9 Aprili 1940, siku ileile ya uvamizi. Na kuhusu kurudi nyuma, ilisema kumsaidia adui kulikuwa kosa tangu sheria ya jinai ya 1902, kosa lenye kifungo cha miaka mitatu hadi maisha. Amri ya 1944 haikubuni kosa jipya, iliongeza aina za adhabu, na kwa wanachama wengi adhabu hizo zilikuwa nyepesi kuliko za zamani. Mtu alilipa faini badala ya kufungwa.

Kwa wanachama wa kawaida jibu hilo linanishawishi, ingawa si mpaka mwisho. Kwa adhabu ya kifo linayumba, na majaji wenyewe walijua. Februari 1946 kesi ya Klinge, askari wa Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, aliyewatesa wafungwa, ilisikilizwa na mahakama nzima. Amri iliyotumika ilitolewa Mei 1945, siku chache kabla ya ukombozi. Majaji tisa walikubali auawe, kwa kuwa mateso yale yalikuwa uhalifu chini ya sheria za vita za kimataifa. Wanne walikataa wakisema kifungu cha 97 kinamlinda hata mtu kama huyu. Nawaheshimu wale wanne. Nchi ilikuwa inadai damu, nao walisimama mahali palepale mahakama yao iliposimama Desemba 1940.

Hata hivyo sidhani kurudi nyuma ndiyo doa kubwa la haki ile. Doa kubwa linaonekana ukiziweka kesi mbili pamoja.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Novemba 1942 polisi wa Oslo walitumia teksi zipatazo 100 kuwakusanya wanawake, watoto na wazee wa Kiyahudi majumbani mwao na kuwapeleka bandarini. Polisi walikuwa Wanorwe, madereva Wanorwe. Meli ya Donau iliondoka na watu zaidi ya 500, na safari yao iliishia kambi ya mauaji ya Auschwitz. Kwa jumla Wayahudi zaidi ya 770 walitolewa Norwe. Hawakufika 40 waliorudi. Aliyepanga na kusimamia ukamataji Oslo alikuwa afisa wa polisi, Knut Rød, mwanachama wa Nasjonal Samling. Alishtakiwa. Mahakama ilimwachia 1946, Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu hiyo na kuamuru isikilizwe upya, na 1948 akaachiwa tena. Sababu? Alikuwa amewasaidia wapinzani kwa siri, na ilionekana kwamba kazi ile ya polisi ilimpa nafasi ya kuwasaidia. Alirudishwa polisi, akafanya kazi mpaka alipostaafu 1965.

Sasa watazame wanawake waliokuwa na uhusiano na askari wa Kijerumani. Hawakuvunja sheria yoyote. Maelfu walikamatwa baada ya ukombozi, wengi wakawekwa kambini kama ile ya kisiwa cha Hovedøya, karibu kabisa na Oslo. Walioolewa na Wajerumani walivuliwa uraia kwa amri ya Agosti 1945 iliyohesabu ndoa zote tangu Aprili 1940, na kupelekwa Ujerumani. Hiyo ni sheria iliyorudi nyuma bila kificho, na haikuzusha mjadala hata robo ya ule wa Klinge. Vilevile wauguzi Wanorwe waliohudumia majeruhi upande wa Wajerumani walihukumiwa, huku wakandarasi wengi waliotajirika kwa kuwajengea Wajerumani viwanja vya ndege na ngome hawakuguswa.

Kilichokuwa kinapimwa mahakamani kilikuwa utii kwa taifa. Mshtakiwa aliulizwa: ulikuwa upande wetu? Hakuulizwa kwanza: ulimdhuru nani? Kwa kipimo hicho Rød alikuwa na jibu, na msichana aliyempenda askari hakuwa nalo. Wayahudi wa Oslo hawakuwa upande wowote wa kesi; walikuwa hasara iliyopita. Nadhani hili linamhusu Berg zaidi kuliko kifungu cha 97, kwa sababu uongozi wake ndio uliotayarisha mashtaka, na uliyatayarisha kama watu waliopigania taifa. Ndivyo walivyoyaona maisha yao ya miaka mitano, na si jambo la kushangaza. Ila mashtaka ya uhaini peke yake hayatoshi kubeba mauaji ya halaiki.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wamewahi kumwona Mnorwe kwenye kiti cha namna hii. Erik Møse aliongoza mahakama ya kimataifa ya Rwanda jijini Arusha kuanzia 2003 hadi 2007. Pale hesabu ilianza na waliouawa, na kosa la kwanza lilikuwa mauaji ya kimbari. Lawama ya haki ya mshindi haikukosekana, kwa kuwa upande ulioshinda vita haukufikishwa mbele yake. Lakini afisa aliyepanga orodha na magari asingeponea Arusha kwa kusema alikuwa na marafiki upinzani.

Je, Norwe ya 1945 ingeweza kufanya tofauti? Kwa mambo mawili, ndiyo. Berg angeweza kukaa pembeni katika kesi zote za uhaini na kuwaachia majaji ambao hawakuwa kwenye uongozi wa siri. Walikuwapo, na uamuzi huo ungewanyang'anya wafuasi wa Quisling hoja waliyoitumia kwa miaka. Na ukamataji wa Wayahudi ungeweza kushtakiwa kama kosa linalojitegemea, lisilofutwa na msaada ambao mshtakiwa aliwapa wengine. Sheria ya 1902 ilikuwa na vifungu vya kumnyima mtu uhuru wake na vya mauaji. Hapakuhitajika karatasi yoyote kutoka London.

Berg alistaafu 1946 na kufariki 1968. Januari 2012 Waziri Mkuu Jens Stoltenberg aliwaomba radhi Wayahudi kwa yale yaliyofanywa na polisi wa Norwe, na Oktoba 2018 Erna Solberg akawaomba radhi wanawake waliovuliwa uraia. Hukumu ya 1948 iliyomwachia Rød haijatenguliwa.