Hatua za Tajiri

Tajiri wangu ni mfupi. Nalisema mapema ili mkisikia urefu wa hatua zake msidhani nazungumzia twiga. Asubuhi anapotupimia ngwe za kupalilia, anakunja suruali, anavuta pumzi, kisha anarusha mguu kama mtu anayevuka mto wenye mamba. Akimaliza kuhesabu, mwisho wa ngwe yangu siuoni. Naona ukungu.

Jioni anarudi kukagua. Sasa ni mtu mwingine kabisa. Ananyata, kainama, anatafuta gugu moja nililoliruka, na akilipata analinyanyua juu kama kombe la mpira. "Ngwe haijaisha hii. Nakulipa nusu." Nusu! Gugu halijakalia hata kiganja cha ardhi, limemeza nusu ya kutwa yangu.

Na hiyo nusu nayo ina makato. Mpini wa jembe umevunjika, kata. Jembe ni lake, mpini umeliwa na mchwa wake kwenye banda lake, lakini umevunjikia mikononi mwangu, basi kesi ni yangu. Juzi mvua ilinichelewesha, kata. Haya, kama mvua inanipunguzia, mbona jua haliniongezei?

Nilimwomba kwa adabu awe anatuandikia siku tulizofanya kazi. Akanuna. "Huniamini?" Jamani, neno kibarua lenyewe limetoka kwenye barua! Zamani mtu wa kutwa alipewa kikaratasi cha kuthibitisha siku yake, jina likamganda. Mimi jina ninalo, karatasi sijaiona. Siku zangu zimeandikwa kichwani mwa tajiri, na kichwa chenyewe kila mwisho wa mwezi kinasahau. Ila pesa niliyomkopa anaikumbuka mpaka na saa.

Tuna mwenzetu mmoja msomaji sana. Siku moja wakati wa mapumziko (mapumziko ni pale tajiri anapopokea simu) akatueleza kwamba Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wa kulinda ujira, Namba 95, wa mwaka 1949. Ujira ulipwe kwa fedha halali, mkononi mwa mfanyakazi mwenyewe, kwa vipindi vinavyoeleweka. Ukilipwa sehemu kwa vitu, viwe vya kumfaa mtu na thamani yake iwe ya haki. Pombe kali hapana. Na kulipana kilabuni marufuku, labda uwe unafanya kazi hapo hapo kilabuni.

Nilimwomba arudie hapo kwenye kilabu. Maana yake hata kabla sijazaliwa kulikuwa na tajiri aliyewaita watu kilabuni usiku, akawalipa, na kabla hakujakucha pesa yote imerudi kwa shemeji yake mwenye kilabu! Wangu alidhani kabuni yeye. Siku hizi kahamia kwenye mazao: mwezi uliopita nusu ya ujira tulipewa kwa magunia yaliyokwisha kutobolewa na panya. Bei akatupigia ya sokoni. Panya hakuwahesabu.

Kupulizia dawa ndiyo usiseme. Bomba linavuja mgongoni, nikiuliza glavu naambiwa, "Dawa hii ni ya wadudu, haimdhuru mtu." Sawa. Sasa mbona mwenyewe kasimama kule upepo unakotoka, kajifunga kitambaa puani, ananielekeza kwa kidole?

Basi Jumapili mgongo ukagoma. Nikamwita kijana wa jirani anipalilie kijishamba changu, nikasimama kumpimia ngwe. Wallahi sikukusudia. Mguu wenyewe ulijirefusha. Hatua ya tatu nikasikia suruali inachanika, na kijana akasema, "Tajiri, naomba nipime mwenyewe."

Niligeuka nyuma kumtafuta huyo tajiri. Hakukuwa na mtu.

Nikamwachia apime. Akaweka kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole, polepole, anahesabu kwa sauti, mpaka leo nashangaa ile ngwe jembe lilipata wapi nafasi ya kutua.